Kuchagua tairi la mbele na la nyuma kwa mbio za saiklokrosi: mwongozo kamili kwa waendeshaji wa Mombasa

Saiklokrosi ni mbio fupi na kali za baiskeli. Wanaume wa daraja la juu huzunguka kwa karibu saa nzima kwenye njia ya kilomita 2.5 hadi 3.5, inayopita juu ya nyasi, mchanga, matope na ngazi, na kwenye mbao zenye kimo kisichozidi sentimita 40 ambazo wengi huzivuka kwa kushuka na kunyanyua baiskeli. Mchezo huu ulizaliwa Ulaya na umeshamiri zaidi Ubelgiji, ambako msimu wake ni wa miezi ya baridi. Ndiyo sababu ushauri mwingi wa matairi huanzia kwenye matope na kuishia humo humo. Sisi wa pwani tuna mchanga mkavu, mawe ya matumbawe, mbigili, jua na chumvi. Ushauri wa Ubelgiji ukiletwa Nyali bila kupimwa utakugharimu fedha nyingi kwa tairi lisilokufaa.

Jambo la kushika kabla hatujaanza: matairi yako mawili hayafanyi kazi moja, kwa hiyo hayana haja ya kufanana. La mbele huchaguliwa kwa kuangalia mahali unapoweza kuanguka. La nyuma huchaguliwa kwa kuangalia mahali unapopoteza mwendo. Na upepo uliomo ndani ya yote mawili una umuhimu kuliko meno yaliyo nje, ingawa madukani watu huuliza meno tu.

Hatua ya 1: Soma namba za ubavuni

Ubavuni mwa tairi kuna namba kama 33-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia. Baiskeli ya saiklokrosi hutumia 622, ambayo ni ile ile inayoandikwa 700C, na pia ndiyo ya baiskeli za milimani za inchi 29. Kwa hivyo mwenye baiskeli ya inchi 29 anaweza kuanzia hapo bila kununua baiskeli nyingine, mradi rimu zake si pana kupita kiasi kwa tairi jembamba.

Tahadhari ni kwa anayeunda baiskeli yake kwa vipande vya huku na kule. Rimu ya baiskeli ya Black Mamba ya inchi 28 kwa kawaida ni 635. Tairi la 622 halitaipanda, na tairi la 635 likivishwa rimu ya 622 litalegea na kuchomoka kwenye kona ya kwanza. Usikubali neno la "inchi 28 ni inchi 28". Soma namba.

Kuhusu upana, kanuni ya shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, ni milimita 33 na si zaidi, na misumari ya chuma kwenye tairi imekatazwa. Mbio za kirafiki zisizofuata kanuni hizo huenda zikakubali 35 au hata 40, nawe waulize waandaaji mapema, kwa sababu kwenye mchanga wetu kila milimita ya ziada inasaidia. Kumbuka pia kwamba rimu pana hulitanua tairi: lililoandikwa 33 laweza kupimika 34 likishavishwa. Na kabla ya kulipa, hakikisha nafasi kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na foki, haipungui milimita 6 kila upande. Kokoto ya matumbawe ikinasa hapo inakwangua fremu mpaka inaingia ndani.

Hatua ya 2: Itembee njia kwa miguu

Hatua hii haina gharama yoyote, nayo ndiyo inayorukwa sana. Siku moja kabla ya mbio, au asubuhi yake, tembea njia nzima polepole ukiwa na maswali matatu. Wapi nitapiga kona huku ardhi imeinama upande? Wapi nitalazimika kukanyaga kwa nguvu zote? Wapi kuna jiwe kali kuliko yote? Jibu la kwanza litakupa tairi la mbele, la pili litakupa la nyuma, na la tatu litakuambia upepo usishuke chini ya kiasi gani.

Kama njia inagusa ufuo, jedwali la saa za maji kupwa na kujaa ni sehemu ya ukaguzi. Mchanga uliotoka kuachwa na maji kupwa ni mgumu, gurudumu linaacha alama ndogo tu. Ule mkavu wa juu, karibu na minazi, unalimeza gurudumu mpaka rimu. Mahali pale pale, saa chache baadaye, ni uwanja mwingine kabisa. Siku za bamvua maji hupwa mbali na kuacha ukanda mpana mgumu, kisha hurudi na kuufunika wote. Siku za maji mafu ukanda huo ni mwembamba na unyevu wake haubadiliki sana. Na kwa kuwa saa za maji husogea kwa karibu dakika 50 kila siku, njia uliyoifanyia mazoezi Jumatano saa kumi jioni haitakuwa hivyo Jumamosi saa hiyo hiyo. Mvuvi yeyote wa hapo atakueleza vizuri kuliko simu.

Bamburi ni mtihani wa aina nyingine. Kwenye machimbo ya zamani ya saruji, ambako Rene Haller alianza kupanda miti mwaka 1971, mivinje imeangusha majani yake membamba kwa miaka mingi. Juu ni laini na panateleza. Chini yake kuna matumbawe. Njia za vivuli vya namna hii humdanganya mwendeshaji, kwa sababu jicho linaona ulaini na tairi linakutana na makali. Fukua kwa kisigino uone kilicho chini.

Upande wa Changamwe na Jomvu, mbali na matumbawe ya ufuoni, udongo una mfinyanzi zaidi. Wakati wa kiangazi unakuwa mgumu wenye vumbi juu, na masika ikianza unaganda kwenye tairi kwa tabaka mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Ushike mkononi, uufinye: ukibaki donge lenye alama za vidole vyako, jiandae kwa tairi la matope.

Hatua ya 3: Chagua la mbele kwanza

Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi unaweza kuliokoa kwa kiuno na mguu mmoja. La mbele likiteleza, umeshafika chini kabla hujajua. Hii ndiyo hoja yote ya kuanza na la mbele, na ndiyo maana nasema bila kusita kwamba fedha zako bora ziende mbele.

Matairi ya saiklokrosi yamegawanyika katika makundi matatu. Kuna ya tupa, yenye mikwaruzo midogo iliyokaribiana katikati kama uso wa tupa ya fundi, na meno kiasi begani, yaani kwenye ukingo wa tairi kabla ya ubavu. Mfano ni Challenge Chicane. Kuna ya kati, yenye meno ya wastani kila mahali. Challenge Grifo na Dugast Typhoon ni ya kundi hili. Na kuna ya matope, yenye meno marefu yaliyoachana ili matope yadondoke yenyewe. Humo wamo Dugast Rhino na Challenge Limus. Kampuni ya Vittoria ilirahisisha kwa kuyaita matairi yake ya Terreno Dry, Mix na Wet, yaani la kavu, la mchanganyiko na la majimaji.

Unapolishika tairi la mbele dukani, usitazame katikati. Tazama begani, kwa kuwa ndiko utakakolalia kona. Meno ya begani yabonyeze kwa kidole gumba: yasipinde kwa urahisi, na yawe na makali yaliyonyooka upande wa nje. Kisha angalia nafasi iliyopo kati ya meno ya katikati na ya begani. Ikiwa ni kubwa, baiskeli itashika vizuri ukiwa wima, itashika vizuri ukilala kabisa, lakini katikati ya hapo itakuacha ghafla. Mwendeshaji mzoefu hupita sehemu hiyo haraka. Anayeanza huanguka hapo.

Kwa Mombasa, tairi la kati ndilo la mbele kwa sehemu kubwa ya mwaka. Najua wapo watakaosema mchanga unahitaji tupa, na kwa mchanga peke yake hoja yao ina nguvu: mchanga mkavu hauna kitu cha kushikwa na meno, kinachokubeba ni ukubwa wa eneo la tairi linalogusa chini, na tairi laini hupita juu yake bila kuuchimba. Lakini hesabu kona. Njia ya kawaida itakuwa na kipande kimoja cha mchanga na kona nyingi za nyasi au udongo. Tairi la tupa mbele utalifurahia kwenye kile kipande kimoja, kisha utalilipia kwenye kona zote zilizobaki. Liweke mbele siku ambayo karibu njia nzima ni ufuo.

Hatua ya 4: Kisha la nyuma

Nyuma hubeba uzito mwingi zaidi, karibu asilimia 55 hadi 60 ukiwa umekaa, na ndiko nguvu za miguu yako zinakotokea. Linatakiwa lizunguke kwa wepesi na lisisote unapokanyaga.

Ardhi ikiwa kavu, kama ilivyo miezi ya kaskazi kabla mvua hazijaanza, weka tupa nyuma na la kati mbele. Huu ndio mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote kwa hapa kwetu. Unasikia wepesi kwenye sehemu zilizonyooka, na kona bado unazo. Nyasi zikiwa na maji, kwa mfano asubuhi baada ya mvua ya vuli, weka la kati kote kuwili.

Masika kwenye mfinyanzi, la matope mbele na nyuma, wala usijaribu ujanja wa kuweka jepesi nyuma. Kwenye mlima wa matope tairi la tupa litazunguka pale pale, nawe utashuka na kukimbia na baiskeli begani huku wenzako wakikupita wameketi. Wepesi uliodhani umeununua unaishia hapo.

Matairi mengi yana mshale wa mwelekeo ubavuni. La mbele lifuate mshale. La nyuma baadhi ya watengenezaji huonyesha mwelekeo tofauti, ili makali ya meno yasukume ardhi badala ya kuipasua. Soma ubavu kabla hujavisha, kwa sababu kulitoa tena tairi la tyublesi, yaani lisilo na tyubu, lililojaa dawa ya kuziba pancha ni kazi ya kuchafua nyumba.

La nyuma huisha mapema. Meno ya katikati yakilala, usilihamishie mbele kwa kuona haya kulitupa. Fanya kinyume: la mbele lirudi nyuma, jipya liende mbele.

Hatua ya 5: Tyubu, tyublesi au la kubandika

Mabingwa wa Ulaya kwa miaka mingi wametumia tairi la kubandika, ambalo hushonwa likazunguka tyubu yake na kugandishwa kwenye rimu kwa gundi. Faida yake ni kwamba unaweza kushuka chini ya psi 20 (psi ni kipimo cha upepo) na tyubu isibanwe na rimu. Kwenye vilima vya mchanga vya Koksijde, Ubelgiji, hilo ni jambo kubwa. Lakini kulibandika vizuri ni kazi ya siku kadhaa, na likitoboka huwezi kuliziba kando ya njia. Kwa mtu wa Mombasa anayejitegemea, silishauri.

Tairi la kawaida la tyubu ni rahisi na kila fundi analijua. Udhaifu wake ni kwamba ukipunguza upepo, jiwe linaibana tyubu kwenye rimu na kukuachia vitundu viwili sambamba.

Na kuna mbigili. Mmea huu hutambaa pembeni mwa njia na viwanja, na tunda lake lenye miiba migumu likianguka, mwiba mmoja lazima utazame juu. Kwa tyubu tupu, kila mwiba ni pancha. Ndiyo sababu ushauri wangu kwa pwani ni tyublesi yenye dawa ya kuziba ndani. Kwa tairi la 33 tia mililita 30 hadi 60. Mwiba ukiingia, endelea kukanyaga. Dawa itazunguka na kuziba. Usiuchomoe njiani. Uchomoe ukifika, ukiwa umeligeuza gurudumu tundu liwe chini ili dawa iliendee.

Joto letu huikausha dawa hiyo upesi. Maelezo ya chupa yanaweza kusema ni ya miezi kadhaa, lakini hapa fungua na kukagua kila baada ya wiki nne hadi sita. Ukitikisa gurudumu karibu na sikio na usisikie majimaji, imekwisha.

Tyublesi inataka rimu na tairi vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, vyote viwili. Tairi la tyubu likilazimishwa laweza kuruka kutoka kwenye rimu, na hilo si la kujaribu. Hata lililo sahihi, upepo ukiwa mdogo mno na kona ikiwa ya mawe, hutema upepo pembeni mara moja na kukuacha nusu tupu. Kama rimu zako si za tyublesi, baki na tyubu, chukua zile ambazo kichwa cha valvu kinafunguka, utie dawa humo. Si sawa na tyublesi, ila mbigili nyingi zitazimwa.

Wala usidhani pancha ni za wanaoanza. Kwenye mashindano ya dunia ya 2021 yaliyofanyika ufuoni Oostende, Ubelgiji, Wout van Aert alipata pancha mapema, na Mathieu van der Poel akatwaa ubingwa.

Hatua ya 6: Upepo

Hapa ndipo unaposhinda au kushindwa mbio kabla hazijaanza. Tairi lilelile kwa psi 35 na kwa psi 24 ni matairi mawili. Likijazwa sana linadunda juu ya kila jiwe na kukata mchanga kama kisu. Likipunguzwa kwa kiasi chake linajilaza, linaongeza eneo la kugusa, na meno yote yanafanya kazi.

Kwanza nunua geji ya kipimo kidogo. Geji ya pampu inayofika psi 160 haiwezi kukueleza tofauti ya 24 na 26, na tofauti hiyo ndiyo unayoitafuta. Mashine za upepo za vituo vya mafuta zimetengenezwa kwa valvu ya gari. Valvu nyembamba ya baiskeli ya mashindano inahitaji kichwa cha kuunganishia, na hata ukiwa nacho, malizia kwa geji yako. Ukikutana na kipimo cha bar, bar 1 ni psi 14.5.

Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tyublesi ya milimita 33, anza na psi 26 mbele na 28 nyuma penye matumbawe. Kwenye mchanga au matope, 22 mbele na 24 nyuma. Mwenye kilo 55 apunguze 3 au 4. Mwenye kilo 85 aongeze kiasi hicho. Wa tyubu aanzie 35 mbele na 38 nyuma, na asishuke sana penye mawe. Nyuma daima pawe juu kidogo, kwa sababu ya uzito.

Hizo ni namba za kuanzia tu. Namba yako utaipata hivi. Tafuta kipande kifupi chenye kona moja, mchanga kidogo na jiwe lile kali ulilolitia alama. Jaza 30 mbele na 32 nyuma, pita kwa mwendo wa mbio, si wa matembezi. Punguza 2 kila upande, pita tena. Endelea kushuka mpaka moja ya mambo mawili litokee: usikie rimu ikigonga jiwe, au uhisi tairi la mbele likijikunja chini yako kwenye kona. Hapo umefika chini kupita kiasi. Rudisha 1 au 2, andika namba hiyo pamoja na aina ya ardhi na saa ya maji. Daftari la namba zako mwenyewe litakufaa kuliko mwongozo wowote, ukiwemo huu.

Sasa jua. Upepo ndani ya tairi hutanuka ukipata joto. Ukijaza psi 25 ndani ya nyumba kwenye nyuzi 25, kisha baiskeli ikasimama juani mpaka tairi likafika nyuzi 45, utakuwa na zaidi ya psi 27. Kazi yote ya kutafuta tofauti ya psi 2 imepotea bila wewe kugusa valvu. Kwa hiyo iweke baiskeli kivulini, na upime mara ya mwisho dakika chache kabla ya kuitwa kwenye mstari.

Hatua ya 7: Siku ya mbio na jioni yake

Saiklokrosi inaruhusu kubadilisha baiskeli au gurudumu mahali palipotengwa. Asiye na baiskeli ya pili aweke hapo magurudumu mawili yaliyovishwa na kupimwa, na mwenzake wa kuyasimamia. Magurudumu ya akiba yasiwe nakala ya yale unayoanza nayo. Ikiwa mawingu yamejikusanya upande wa bahari, yavishe ya meno marefu zaidi.

Baada ya ufuo, osha kwa maji matamu siku hiyo hiyo, hasa mahali spoki zinapoingia kwenye rimu, kwani chumvi huanza kula hapo. Usielekeze mpira wa maji wenye nguvu kwenye habu. Magurudumu yaning'inizwe mbali na dirisha lenye jua.

Hatua ya 8: Kama fedha ni kidogo

Nunua kwa mpangilio huu: geji, dawa, tairi moja zuri la kati la mbele, ndipo la nyuma. Kwa la nyuma unaweza kutafuta kwenye baiskeli za mitumba zinazoshukia hapa bandarini. Likunje ubavu kwa vidole viwili. Ukiona mipasuko midogo, au mpira unang'aa na kukataa kubonyea kwa ukucha, liache hata kama meno yake ni mapya, maana limezeeka likiwa stoo. Ukiona nyuzi zimejitokeza ubavuni, usilipokee hata la bure, kwa kuwa matumbawe yatamalizia kazi hiyo kwenye mzunguko wa kwanza.